Mkanda wa Nyuma

Korosho zangu zilipofika ghalani Masasi
hakuna aliyeniuliza mimi ni mtu wa namna gani.
Karani alichoma bambo kwenye gunia,
akachota chache, akazipasua kwa kisu,
akanusa, akahesabu zilizooza,
akaandika: daraja la pili.
Sikununa. Ndivyo mzigo unavyopimwa.

Lakini nilipomwambia Bwana Malibiche
kwamba hiyo Noah yake ya fedha
lazima kwanza ipite kwa fundi Nantipi,
uso ulimkunjika kama risiti ya zamani.
"Somoe, mie na marehemu kaka yako
tumekula sahani moja. Leo unanipima?"
Nikasema, "Napima gari, Bwana Malibiche."
Sauti ilinitoka imeinama.

Fundi Nantipi hana maneno.
Bei yake elfu hamsini, unalipa kabla,
"ili," alisema, "nisiwe na hamu ya jibu lolote."

Akagonga mlango kwa kifundo cha kidole:
ngo, ngo, ngo,
kisha pu.
"Hapa pana puti."
Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza juani
kama daktari anayevuta kope la mgonjwa.
Dashibodi ilidai kilomita elfu sitini na mbili.
Pedali ya breki, mpira umelika hadi chuma,
nayo ikasema yake.
Malibiche alikaa kivulini, akichezea funguo,
akiapa kila kilipofunguliwa kitu.

Ndipo Nantipi akaingia kiti cha nyuma,
akashika mkanda, akauvuta,
akauvuta,
akauvuta kupita kifua cha mtu mzima,
kupita tumbo la mjamzito,
hadi ukagoma.
Na huko mwisho, pasipooshwa na mtu,
palikuwa na mstari wa kahawia
umenyooka kama umepigwa rula,
na vumbi la tope likamdondokea gotini.

"Hili lilizama," alisema. "Maji yalifika hapa."
Akajiwekea kiganja kifuani.
Alipouachia, mkanda ulikimbilia shimoni mwake
kama mtu aliyekutwa bafuni.

Nilirudi Mkuti kwa bodaboda,
milioni tisa zangu zimefungwa kiunoni.
Elfu hamsini imeniokolea milioni tisa!
Nilimsimulia jirani, nikamsimulia muuza chapati,
nililala usingizi wa mshindi wiki tatu nzima.

Jumatatu moja, karibu na soko, nikaliona.
Namba ile ile, rangi mpya.
Usukani kaushika Mwalimu Hokororo,
akateremsha kioo, meno yote nje:
"Dada Somoe! Mambo ya korosho haya!"
Alisema ameuza na ng'ombe wa mama yake.
Nyuma, mwanawe wa mwisho, soksi nyeupe,
amefungwa mkanda, amekaa wima
kama anapigwa picha.

Kwa kifua kidogo vile
mkanda hauvutwi hadi mwisho.
Wanaweza kukaa nalo miaka wasiuone ule mstari.
Wanaweza pia kuteremka Mtandi siku ya mvua.

Maneno nilikuwa nayo. Ni yangu, nimeyalipia.
Nikasema, "Hongera, mwalimu. Gari zuri."
Akapiga honi mara mbili, akaenda zake,
na yule mtoto akageuka kunipungia,
kadiri mkanda ulivyomruhusu.

Malibiche tukipishana sasa
ni yeye anayenisalimu kwanza, kwa uchangamfu,
kama watu tulioshirikiana jambo.

Namba ya mwalimu ninayo simuni.
Nimeifungua mara nne tangu jioni.
Salio lipo.
Na mtandao, ambao huku kwetu hukatika ovyo,
leo unashika.