Saini

"Saini hapa," kasema Mfaume, karani wa chama,
ghalani Kitama, gunia saba zimeshapimwa.
Bi Somoe hakuitazama karatasi, alilishika neno:
"Hili saini lenu limetoka wapi?"
"Kwa Waingereza, bibi."
"Nao walilitoa wapi?"

Mfaume kakuna kisogo. Mwalimu wake aliwahi kusema:
kwa Warumi, na huko lilikuwa alama tu;
wapo wanaodhani, nyuma zaidi, lilikuwa kukata.

"Kukata,"
akarudia bibi, kama aonjaye chumvi ya mchuzi.
"Kumbe kuchanja."

Akatia dole. Likaacha doa la bluu, tupu, halina mstari:
miaka ishirini ya kubangua,
mafuta ya ganda yamekilamba kidole.
"Halisomeki hili."

Basi akausogeza mtandio.
Shavuni, pembe juu ya pembe, wembe na masizi,
kazi ya Nantende, fundi asiyejua a wala be.
"Mimi nilisainiwa
baba yako hajaingia jandoni.
Haya, nakili."

Mfaume akaipekua fomu, mbele, nyuma.
Kisanduku cha shavu hakuna.
Foleni inakohoa.
Kalamu i hewani bado.