Namba Isiyokuwa Yake

Baba aliniachia chungu cha chuma, upawa,
kalibu yenye matundu mawili na mipini iliyoungua,
ndoo ya vipande alivyookota gereji kwa Reijo,
vile vya kusawazishia magurudumu,
na bunduki.

Risasi ikilala ndooni, risasi ikiruka:
jina ni lile lile.
Katikati pana moto tu,
na mkono unaojua kusubiri.

Januari, Kainuu. Theluji imefika dirishani.
Kibanda kiko nyuma ya sauna; naacha mlango wazi
kwa sababu moshi wa risasi hauna huruma,
na baridi inaingia kama mdai.
Nakoroga. Natupia kipande cha nta ya nyuki.
Mavi ya madini yanapanda, meusi, nayaengua;
chini yake uso unang'aa kama kioo
ambacho hajajitazama mtu.

Za kwanza zinatoka na mikunjo.
Kalibu bado ya baridi. Baba alikuwa akisema,
"Imekunja uso kama wewe asubuhi ya shule,"
akairudisha chunguni bila kinyongo.
Hakuna madini yanayosamehe kama haya:
ukikosea, unayeyusha, yanasahau.

Bunduki haisahau.
Ina muhuri wa tai wa mfalme aliyeanguka,
mabawa yamesagwa kwa tupa;
pembeni, ndani ya kisanduku, herufi mbili za jeshi letu.
Iliwahi kutulenga. Ikatekwa, ikawalenga wao.
Serikali ilipouza za akiba, baba alinunua moja
kwa bei ya viatu vya mpira.

Usiamini kitabu, alinifundisha.
Mitutu hii imeliwa, kila mmoja na upana wake.
Akachukua tonge la risasi laini, akalipaka mafuta,
akaligonga taratibu mpaka likatokea upande wa pili
limechorwa michirizi. Akalipima.
"Sasa umesema wenyewe."
Ndiyo maana zetu ni nene kidogo kuliko za kiwandani,
na baruti yake haba, naipima nikiwa nimeshika pumzi.
Haziendi vitani. Zinakwenda mita hamsini, kwenye karatasi.

Usiku wa Mwaka Mpya, tulipokuwa watoto,
mama aliyeyusha bati akalimwaga kwenye maji,
tukasoma kivuli chake ukutani kwa mshumaa:
meli ni safari, shada ni harusi.
Baba alimwaga lake, akaliopoa, akalitia mfukoni.
Hakutaka lisomwe.

Daftari lake lina kurasa thelathini za namba.
Nilidhani ni vipimo vya baruti,
nusura nivifuate. Reijo ndiye aliyenizuia;
alivaa miwani, akanyamaza muda mrefu.
"Hizi ni namba za bunduki, Hilkka."
Kila duka, kila mnada, kila ukuta wa mwindaji,
baba aligeuza, akasoma, akaandika, akakata mstari.
Alikuwa anaitafuta yake,
ile aliyopewa akiwa na miaka kumi na tisa
akairudisha ghalani vita vilipokwisha,
bila asante, yeye wala bunduki.
Miaka arobaini. Aliikumbuka namba
hata alipoanza kulisahau jina langu.

Hii niliyo nayo si yake.
Ukurasa wa pili, mstari wa tano,
imekatwa kwa wino wa bluu.
Alijua, akainunua hivyo hivyo,
akaipima, akaisubia, akailisha
kama mtoto wa jirani aliyechelewa kufuatwa.

Leo nimepata ishirini na tatu safi.
Zimelala juu ya taulo, zinapoa,
rangi yake ya ziwa siku moja kabla ya kuganda.
Theluji ikiyeyuka nitakwenda na chekecheke
kwenye tuta la mchanga nyuma ya shabaha,
nizikusanye zilizopondeka, nizirudishe motoni.

Reijo amepiga simu. Jumamosi kuna mnada Sotkamo,
bunduki saba za zamani.
Nimechonga penseli.