Safu ya Nne

Daftari la kwanza lina harufu ya moshi,
jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
Nimekabidhiwa jana, pamoja na mhuri usio na wino
na ufunguo wa stoo ambayo haina kufuli.
"Wewe umesoma," alisema Bi Syabumi, "utakuwa katibu,"
kana kwamba kusoma ni kosa na hii ndiyo faini.

Safu nne, zimepigwa kwa penseli:
namba, jina, tarehe, sababu.

Mwaka hamsini na nane, mwezi wa mvua
(Tukuyu, mwezi gani si wa mvua?),
wanawake saba, wachuma chai,
alama saba za dole gumba, zambarau iliyopauka,
na mwandiko wa karani wa kanisa
aliyeandika alichoambiwa, hakukipamba.

Tumwitike: Mume yuko migodini Johanesbagi. Barua inafika, yeye hafiki.
Ngambi: Baridi.
Sekela: Shemeji zangu wanahesabu kuku wangu.
Anyosisye: Nisije nikazikwa na watu wanne.
Bupe: Wenzangu wote wamo.

Nilimcheka Bupe.
Kisha nikakumbuka shule ya bweni, kundi letu la soksi nyekundu,
nikafunua ukurasa.

Majina yanaongezeka, kalamu zinabadilika.
Tuganane, wakakiita chama: tupendane.
Lakini kuna faini ya kuchelewa msibani,
faini ya kitenge kisichofanana,
faini ya kumsema mwenzako kisimani,
na hii imelipwa kuliko zote.

Anayeingia hubebeshwa sufuria kubwa, imejaa maji,
kutoka kijitoni hadi barabarani, kimya,
huku wenyeji wamejipanga kwenye migomba wanamtania
mwendo wake, mumewe, kisigino chake.
Akicheka, anarudi mtoni.
Mimi nilirudi mara tatu. Mara ya nne nilikuwa nalia,
wakasema kulia hakuna sheria yake, pita.

Sufuria yenyewe ilitoka wapi, daftari halisemi.

Nilikuwa Dodoma, ofisini, nikimwambia mama kwa simu:
hivyo vikao vya kila Alhamisi vinakupa nini?
Kuna watu wa kukodi siku hizi, wanaleta turubai,
viti, wapishi, hata spika.
Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.

Basi lilinishusha saa kumi alfajiri, ukungu umelala chini.
Moto ulishawaka. Kuni hazikuwa zetu.
Wanawake arobaini, kitenge kimoja,
na miongoni mwao Mama Gwamaka,
ambaye mama hakumsalimia miaka tisa
kwa ajili ya mpaka na miparachichi miwili.
Hakulia. Alikuwa anamenya ndizi.
Alimenya mpaka jua likatoka, vidole vyeusi kwa utomvu,
akanisogezea kigoda na kisu cha pili.

Ndiyo maana usiku huu ninatafuta namba mia na kumi na mbili.
Hii hapa, mwaka themanini na sita, mwandiko wa mama,
herufi zimeinama kama anapanda kilima.
Jina. Tarehe.
Sababu: Nitasema baadaye.

Nimekaa na kalamu mbele ya namba yangu.
Nimeandika "umoja", nikafuta: neno la kwenye bango.
Nimeandika "mama", karatasi ikalowa, nikafuta pakatoboka.

Asubuhi zamu ya kuosha ilikuwa yangu.
Majivu, maganda ya mgomba, maji ya kijito yanayouma mifupa.
Nikaipindua sufuria nisugue masizi ya miaka yote,
na pale chini, penye ukingo,
pamekwaruzwa kwa jiwe, kwa nguvu, kwa haraka,
juu ya namba, na juu ya herufi za kampuni ya chai.

Bi Syabumi alikuwa amesimama nyuma yangu.
"Umeona nini?"
Nikapaka majivu, nikasugua.
"Sijaona kitu."
Akachuchumaa, akashika upande wa pili.
"Haya. Sasa ndiyo umejiunga."