Kuku wa Saranda

Jumamosi, saa moja asubuhi, stesheni ya Dodoma:
treni inatoka pwani, wanasema iko Gulwe.
Saa tatu, wanasema iko Kikombo.
Saa nne na robo kipaza sauti kinakohoa, kinanyamaza.
Damari kanunua zabibu za elfu moja, zimefungwa gazetini;
tunatema mbegu kwenye kokoto
kama watu wenye siku nzima.
Tunayo.

Kwetu Gitega hakuna reli.
Gari la moshi nililijua mdomoni mwa babu,
aliyelipanda Kigoma mwaka hamsini na sita
akaenda kukata mkonge Kilosa,
akarudi na blanketi, kikohozi
na hadithi moja tu.

Haya, limefika. Daraja la tatu,
dirisha bovu lisilofungika, ndilo letu.
Zuzu. Kigwe. Tambarare.
Mimi niliyezaliwa mahali
ambapo ukitupa jicho, kilima kinakurudishia,
hapa jicho linakwenda, linakwenda,
halina pa kugonga.
Naogopa kidogo. Sisemi.
"Kaneza, unatazama nini?"
"Hakuna kitu."
"Basi kitazame vizuri," anasema Damari,
"hicho kwetu tunacho tele."

Bahi, mpunga wa kijani nisioutarajia,
na korongo mmoja, miguu majini,
kasimama kama karani aliyesahau alichofuata.
Kintinku, mtoto anashindana na behewa letu,
anashindwa, anacheka,
anageuka kwenda kumkimbiza mbuzi.

Kisha mbele yetu ukuta:
ardhi imejipandisha ngazi moja, yote kwa pamoja.
Treni inapunguza, inanguruma, inajikunja,
nikachungulia nikaona kichwa chake kwenye kona
kinatugeukia, kama kinatuhesabu: mpo wote?
Hapo moyo wangu ukakaa.
Kupanda nakujua.

Hadithi ya babu ndiyo hii.
Usiku, Saranda, mwanamke asiyeonekana uso
alimwinulia kuku wa kuchoma dirishani.
Babu akapokea, akainama kufungua fundo la senti,
fundo gumu, alilifunga mwenyewe kwa hofu ya wezi,
treni ikavuta.
Kuku mkono huu, senti mkono huu,
na taa ya yule mama inarudi nyuma, inakuwa nukta.
Alikula. Njaa haina aibu.
Ila mpaka anakufa, nyumbani kwetu
kuku akiwekwa mezani, babu aliuliza kwanza:
huyu kalipiwa?

Tumeshuka. Jua la saa tisa, vumbi, mabeseni.
Mama Sechelela anasikiliza yote, akipunga nzi kwa kipande cha boksi.
Namlipa kuku wetu. Kisha natoa noti nyingine:
"Na hii ya babu."
Anaishika, anaigeuza, kama ina maandishi nyuma.
"Mwaka gani ulisema?"
"Hamsini na sita."
"Hee! Mama yangu yuko mgongoni, ananyonya.
Mwanangu, mimi nauza kuku wa leo.
Wa jana sina, sembuse wa babu yako."
Ananirudishia noti.
Ananiongezea shingo, na pilipili nisiyoiomba.

Hakuna zaidi.
Tulipanda mwinuko kwa miguu mpaka viatu vikalalamika,
tukaliona bonde lote tulilolivuka, limelala,
Damari akanionyesha kwao kwa kidole,
mahali ambapo mimi niliona rangi tu.
Usiku tuliingojea treni ya kurudi, ikachelewa kuliko ile ya asubuhi,
na Jumatatu tuna mtihani wa takwimu
ambao hakuna aliyeusomea.

Saa nane usiku, mtandao ulipozinduka,
nikamtumia baba picha: mifupa juu ya gazeti.
Akajibu papo hapo, kumbe hakulala.
Hakuuliza safari, hakuuliza masomo.
Umelipa?

Nikaandika: wangu, nimelipa.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Noti ya babu bado imo mfukoni, imekunjwa mara nne,
inanuka pilipili.