Upande wa Nne wa Meza

Jumatano saa mbili usiku, pale Majengo, Malindi,
ukumbi wa Bi Mwanashee ulifurika:
wadogo mkekani, wakubwa vitini, wachelewaji dirishani,
na runinga ya rangi mbili ikila betri ya gari
tuliyoichangia, shilingi mbili kila kichwa.

Bwana Mkopo tulimjua kuliko wajomba zetu.
Tulijua hata asichoweza kusema.
Hawezi kusema, "Shika pesa zako."
Hawezi kusema, "Mkosa ni mimi."
Mkewe, Bi Kiherehere, hawezi kusema, "Hayo hayanihusu,"
na Tunu, shemeji mtu, hawezi kupiga hodi:
angepiga, kisa kingefia barazani.

Wala hakuna hata mmoja, miaka kumi na miwili,
aliyewahi kusema, kabla ya kutupiana sufuria,
"Tumuulize mwenyewe."
Maneno mawili tu,
na sisi tungekwenda kulala saa mbili na robo.

Chai yao haikupungua kikombeni.
Mlango wao haukuwa na komeo.
Hakuna aliyeumwa na jino, hakuna aliyekwenda msalani,
hakuna aliyekumbuka Jumatano hii
alichofunzwa kwa bakora Jumatano ile.

Na mezani (hili aliligundua kaka yangu Lali,
usiku mmoja amenuna, hataki kucheka)
walikaa wote watano wakitazama huku,
wamebanana kama dagaa kwenye fungu,
na upande wa nne mtupu.
"Mbona pale hakai mtu?"
Bi Mwanashee akamjibu bila kugeuza shingo:
"Pale tumekaa sisi."

Betri ikafa. Bi Mwanashee akafuata.
Lali yuko Maskati, hupiga simu Idi hadi Idi.

Mwaka jana, mvua za vuli zimeshaanza kuchoka,
niko na karai langu karibu na stendi ya zamani,
viazi vinaimba kwenye mafuta, ukwaju uko tayari,
mzee akasimama mbele yangu, kofia mkononi.
Nilitambua pengo la meno kabla ya uso.
Vijana wa bodaboda walinitangulia;
wao wamemwona kwenye simu, vipande vipande.
"Mkopo! Leo unatoroka na viazi vya nani?"

Aliagiza vya hamsini. Akatoa noti ya mia.
Kimya. Midomo nusu wazi.
Tulingoja noti irudi mfukoni,
au upepo uichukue,
au Tunu azuke nyuma ya gunia la mkaa.
Noti ikanifikia. Ilikuwa na jasho la kiganja.
"Chenji baki nayo, mama."
Kijana mmoja akacheka,
kicheko kikatembea peke yake, kikakosa wa kukipokea.

Akaniambia, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei:
"Mke wangu nimemzika juzi, Muyeye.
Mke wa nyumbani, si yule wa kwenye sanduku.
Nikalia kaburini. Watu wakacheka.
Siwalaumu.
Nililia kwa sauti ileile. Sina nyingine."

Nikasema pole,
na aibu ikanishika hapohapo,
maana pembe za mdomo wangu
zilikuwa zimeshaanza kupanda zenyewe,
kwa mazoea ya Jumatano zote zile.

Hakuniangalia. Alivuta kigoda,
akaizunguka meza yangu ya mbao za magendo,
akaketi ule upande usiokaliwa na mtu kwa sababu ya moshi,
mgongo wake kwetu.
Shati limepasuka kidogo begani, limeshonwa kwa uzi mweusi,
na shati lenyewe ni jeupe.
Akala polepole. Hakugeuka hata mara moja.

Alipoondoka nikaenda kutoa vyombo.
Kikombe kilikuwa kitupu,
majani ya chai yamelala chini.
Nikakiinamisha, nikakitikisa,
sijui nilikuwa nangoja nini kidondoke.