Kuchambua

Mashine imeikataa chupa ya kumi na saba.
Imetia nyota, imenyamaza, inangoja mtu.
Biju ananisukumia kigae cha kioo:
"Hii yako, Zuweina. Mimi nakwenda chai."
Kifuniko cha zambarau. Karatasi imebandikwa upande:
Shinuna binti Hamed, miaka sitini na nne,
kliniki ya sukari, Ibra.

Shangazi.

Wangapi Ibra wana jina hili? Wengi, najiambia.
Lakini tarehe ya kuzaliwa ni ile ya uongo,
mosi Januari, waliyoandikiwa wote
waliotoka Pemba bila cheti.

Naipaka rangi. Nangoja. Naiosha.
Naweka jicho.

Ripoti nitaiandika kwa Kiingereza,
salamu za asubuhi nitazitoa kwa Kiarabu,
ila kuhesabu, mimi nahesabu kwa Kiswahili,
maana nilifunzwa juu ya ungo, uani kwake,
mchele wa gunia umemwagwa mbele yetu:
"Chuya huku. Mawe huku. Punje nzima usizitupe.
Na usiende mbio. Jiwe moja latosha kuvunja jino."

Basi nachambua.
Moja, mbili, tatu: hizi zenye kiini kilichokatikakatika,
askari wa zamu, wakimbilia moto hata pasipo moto.
Nne, tano, sita. Hao tena. Hao tena.
Limfosaiti ya kwanza naiona kwenye tisa,
duara, tulivu, kama mgeni aliyekosea harusi.
Nafika mia.
Themanini na moja kwa kumi na nne.
Narudia. Themanini kwa kumi na tano.
Chembe nyekundu nazo hazilingani, hii pana, ile chuya,
na visahani vya kugandisha damu
vimenenepa, vimeshikana mikono pembeni.

Sijui kusoma kesho kwenye kioo.
Vitabu vinasema huenda.
Kwamba kwa mwenye sukari, mizani ikielemea upande huu,
huenda mishipa inaungua ndani kwa ndani,
huenda kiharusi kiko karibu naye
kuliko kilivyo karibu na jirani yake.
Huenda si hukumu.
Pengine ni mafua tu. Pengine ni kidonda cha kidole cha mguu
anachokificha ndani ya soksi,
yeye ambaye vidole vyake vimekufa ganzi
hata sindano ya kofia haivishtui,
na Jumatano bado yuko soko la wanawake,
kofia tano mkekani, tone la damu kwenye ya tatu.

Natia nyota yangu kando ya nyota ya mashine.
Naandika: daktari atazame leo.
Leo naipigia mstari.

Kumwambia, sina ruhusa.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri nampigia,
kumsalimu tu.

"Shangazi, lile neno ulilokuwa ukinikomesha nalo utotoni."
"Lipi?"
"La Pandu."
"Umekunywa nini wewe?"
"Sema tu."
Kimya. Feni yake inazunguka. Nahesabu: moja, mbili,
tatu,
"Pandu wa Pujini kapanda papai pembeni pa pera la Pili wa Pandani."
Zote. Nzima nzima. Hakuna iliyoanguka.
Nakaa juu ya boksi la glavu, linabonyea.

"Sasa inua mikono yote miwili, juu."
"Siwezi."

Ukuta wa maabara unasogea.

"Shangazi? Huwezi vipi?"
"Mmoja umeshika kijiko."

Na nyuma ya sauti yake nasikia kifuniko cha bati,
kile cha halua ya zafarani ya wageni,
kikirudishwa mahali pake, polepole,
kwa uangalifu wa mtu
anayedhani hasikiki.