Mimba ya Kilometa

Tumsifu alipiga goti juu ya jiwe jeusi,
akapitisha kiganja ubavuni mwa tairi
kama anayempapasa mbuzi kabla ya kulipa.
"Mama," akasema, "hii mupira iko na mimba."

Nimekuwa mkunga Ndosho miaka kumi na tisa.
Nikacheka. Nikauliza ya miezi mingapi.
"Hii haihesabu miezi. Inahesabu kilometa.
Na siku yake haitakuambia."

Nilijua ilikoanzia.
Ijumaa, saa tatu usiku, umeme umekatika,
pikipiki bila taa ikanijia usoni
na abiria watatu, mmoja na godoro kichwani.
Nikapinda. Jiwe likanipokea.
Si jiwe lililotupwa na mtu: ni ule ulimi wa lava
ulioingia mjini kabla sijaolewa,
ukalala, watu wakajenga juu yake,
na makali yake hadi leo hayajafa.

Kesho yake, uvimbe kama yai la bata.
Jumatatu, kama ngumi ya mtoto.
Usukani ukaanza kutetemeka, tu-tu-tu,
gari likanivuta kushoto
kama mtoto aliyeona mandazi.

Nikafanya lile ninalowakataza wajawazito wangu:
nikanyamaza.
Nikajiambia litashuka lenyewe.
Nikapunguza upepo kidogo, nikaendesha polepole,
upande ule nikapakia vitu vyepesi tu,
maboksi ya pamba na glavu.
Pesa ilikuwepo, dola thelathini na tano,
ndani ya kikopo cha maziwa,
ila ilikuwa na jina: minervali ya Asifiwe, muhula wa pili.
Dola yenye jina haikubali kuitwa jingine.

Tumsifu hakunigombeza.
Alilivua tairi kwenye rimu kwa nyundo na vyuma viwili,
akaliweka mdomo wazi juani,
akanishika mkono, akauingiza ndani.

Nje ngozi nzima, hata mkwaruzo hakuna.
Ndani nyuzi zimekatika, zinachoma vidole
kama nywele za kichwa kilichonyolewa juzi.
"Hizi ndizo zinabeba gari," akasema.
"Mupira ni nguo tu.
Kiraka kinaziba tundu. Hapa tundu iko wapi?"

Ningependa kusema niliamua kwa busara.
Niliamua kwa sababu ya Kanyere wa Mugunga,
mapacha tumboni, mmoja amekaa vibaya,
ambaye usiku wowote juma lile
ningemkimbiza hospitali kubwa.
Niliusikia mlio kabla haujalia,
katikati ya giza, naye kiti cha nyuma,
ameshikilia kitambaa kwa kucha.
Nikafungua kikopo.

Okazioni, kutoka Birere, bado lina meno,
dola thelathini baada ya maneno mengi.
Tano zilizobaki zikarudi kikoponi, zimejikunja.
Asifiwe alifukuzwa shule siku nne.
Alikaa mlangoni na sare yake, hasemi kitu.
Sijui kama amenisamehe.
Kanyere alijifungulia nyumbani, mchana kweupe,
kabla hata sijawasha gari.

Lile la zamani Tumsifu hakulitupa.
Alinoa kisu kwenye lava,
akalichana utepe mmoja mrefu, akiuruka uvimbe,
na Mbusa akaununua kwa ajili ya chukudu yake,
akaupigilia misumari kuzunguka gurudumu la mti.
Niliiona wiki iliyopita ikishuka kutoka Kibumba,
magunia sita ya viazi,
Mbusa juu yake amepiga goti moja,
breki ni kandambili yake.

Kipande chenye uvimbe nilikiomba mimi.
Kiko dirishani, kinagandamiza kadi za kliniki
upepo wa ziwa usizichukue.
Akina mama huuliza ni kitu gani.
Huwa sijibu.
Nawapa washike, kwanza nje.
Halafu nakigeuza.